Bawaba Si Zangu

Mlionipigia simu wiki nzima kunipa pole, asanteni. Mlionipigia kunicheka, nanyi asanteni, maana ili mcheke ilibidi mnunue gazeti.

Kwa aliyeanza leo, shika hili. Mimi ni binti wa seremala. Baba alipofariki niliacha ajira nikahamia kwenye karakana yake. Sikwenda kukata mbao. Nilikwenda kuandika programu ya kompyuta inayomwonyesha fundi namna ya kukata ubao wa plaiwudi bila kubakiza vipande vya kuwashia jiko. Unaingiza vipimo vya kabati, yenyewe inakuchorea: kata hapa, geuza, kata pale. Niliiita Mkato. Dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama kututoka, ndiye anayeiuza na kupokea simu za wateja. Mafundi waliipenda. Kisha Bosi wa Mbao, mwenye ghala kubwa kuliko yote mjini, akaniita ofisini akidai anataka kuigawa Mkato kwa wateja wake wote.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa mlangoni kwake, nimevaa viatu vya kubana, nikidhani naingia kusaini mkataba.

Bosi hakuwa peke yake. Kando yake aliketi mwanamume mwenye tai, na mbele yao kompyuta imefunguliwa.

"Karibu, binti," Bosi akasema. "Huyu ni mwanasheria. Keti."

"Nitasimama."

"Keti, habari yenyewe nzito."

"Kama ni nzito ibebeni nyie wawili. Mimi nasikia vizuri nikiwa nimesimama."

Mwanasheria akanigeuzia kioo cha kompyuta. Kilichofunguliwa pale ni Mkato.

"Programu hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Yote?"

Hapo nikajua mkataba haupo.

Niwaeleze kidogo, maana hapa ndipo kesi yote ilipolala. Seremala hatengenezi bawaba. Ananunua zilizotengenezwa na wengine, anazifunga, na mlango unabaki kuwa wake. Programu nayo ina bawaba zake. Kuna kazi ya watu wengine ambayo sisi tunaiita maktaba, ingawa haina hata kitabu kimoja. Ndiyo inayochora madirisha na mistari kwenye kioo. Mteja akifungua Mkato, Mkato huiita maktaba hiyo, na isipoikuta haifunguki ng'o. Kwa hiyo ukiuza programu, lazima uuze na bawaba zake.

Waliotengeneza maktaba ninayotumia mimi hawataki senti yako. Wanakuruhusu hata kufanyia biashara. Ila leseni yao ina masharti. Faili lao likae peke yake, lisichanganywe na la kwako, ili mwenye kompyuta akitaka kulibadilisha aweze. Na majina yao pamoja na leseni yao viwe mahali pa kuonekana. Hutaki masharti, kanunue leseni ya biashara kwa bei ya kuuzia nyumba. Mimi masharti niliyatimiza yote, kwa mkono wangu.

"Nionyeshe faili lao," mwanasheria akasema.

Nikainama kuangalia. Ndani ya folda mlikuwa na faili moja tu, nene, limemeza kila kitu.

"Nionyeshe majina yao."

Nikabofya pale palipoandikwa Kuhusu Programu. Dirisha likafunguka. Majina hayakuwepo. Mahali pake palikuwa na herufi kubwa: KAZI YA MIKONO YETU WENYEWE.

Usoni sikuonyesha kitu. Maneno yale nayajua tangu sijajua kusoma. Baba aliyaandika kwa rangi nyeusi juu ya mlango wa karakana.

"Wenye mali wamekasirika," Bosi akasema, kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma. "Wanataka kukushtaki. Unaweza kufungwa, binti. Mimi nilimheshimu sana marehemu baba yako, ndiyo maana nimekuita. Nikabidhi hii programu iwe ya kampuni yangu, sisi tutamalizana nao."

"Nisipokabidhi?"

"Ijumaa nitawaita mafundi wote hapa ghalani niwaambie wanatumia mali ya wizi."

"Waite."

"Unasemaje?"

"Nasema waite. Usimsahau hata anayetengeneza vigoda. Mimi nitakuja bila kualikwa."

Nikatoka kichwa juu. Ngazini nikavua vile viatu vya kubana, maana hakukuwa na mtu.

Dada nilimkuta karakanani akifuta vumbi la mbao kwenye simu zake mbili.

"Dada, nani amegusa programu?"

"Imeguswa vipi?"

"Dada."

Akaweka kitambaa chini. Dada yangu ana mengi, lakini uongo hana.

"Mimi."

"Wewe?"

"Ndiyo, mimi. Sasa hayo macho ya nini?"

"Uliigusaje? Wewe ambaye printa ikikwama karatasi unaniita!"

"Nisikilize, kabla hujapanda juu ya dari. Wewe unajua simu ninazopokea? Fundi ananakili kile kitu kimoja chenye picha ya msumeno, anakipeleka kwenye kompyuta ya nyumbani, kinamgomea. Kinamwambia faili halipo. Ananipigia. Namwambia nakili folda nzima, mzee wangu. Ananiuliza folda ndiyo nini. Akikata huyu anapiga mwingine. Nimeshindwa hata kunywa chai! Nikatafuta mtandaoni, nikakuta kuna kitu kinafunga mafaili yote yanakuwa moja. Nikayafunga. Simu zikakoma. Na wewe ukafurahi, ukasema siku hizi wateja wameerevuka."

Ni kweli, nilisema hivyo.

"Na majina? Majina ya watu yalikukosea nini?"

"Fundi Milango aliniuliza, hawa akina nani humu ndani, si mlisema mmetengeneza nyie? Nikaona haya. Lile faili la maneno lilikuwa wazi, nikafuta, nikaweka la baba. Baba hakuwahi kuandika jina la mtu mwingine kwenye kazi yake."

"Baba alikuwa ananunua bawaba, dada!"

"Lakini hakuandika jina la mwenye bawaba mlangoni!"

"Limepigwa kwenye bawaba yenyewe! Nenda kaangalie!"

Nilisema kwa hasira tu. Yeye akaenda kweli. Akafungua mlango wa karakana, akainama, akafuta vumbi kwa kidole gumba. Jina la kiwanda lilikuwepo, dogo, limegandamizwa kwenye chuma. Lilikuwepo miaka yote tuliyopita hapo tukienda na kurudi shule, na baba, aliyekuwa na kila aina ya tupa, hakuwahi kulikwangua.

Dada akabaki ameinama. Mabega yakaanza kutikisika.

Nilimpenda na nilitaka kumzaba kofi, yote kwa wakati mmoja. Badala yake nikamsimulia ya ofisini. Na hapa nakiri mbele yenu wasomaji: lile neno kufungwa nililirudia makusudi. Nilitaka limchome. Nikasema, "Nitafungwa mimi, dada, kwa sababu wewe ulitaka kunywa chai."

Lilimchoma kuliko nilivyotaka, kama mtakavyoona.

Mimi nina ugonjwa mmoja. Nikiambiwa mtu fulani amenikasirikia, siwezi kukaa na habari ya kusikia. Lazima nimwendee aniambie mwenyewe. Nikawaandikia wenye maktaba, huko ng'ambo waliko. Nikaandika yote bila kupaka rangi: tumechanganya faili lenu na letu, tumefuta majina yenu, tumeuza hivyo. Nikaweka namba yangu ya simu. Nikangoja kutukanwa.

Alipiga mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Tulielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza, changu na chake.

"Nani amekwambia tumekasirika?" akauliza.

"Mwanasheria wenu."

"Huko hatuna mwanasheria. Na usinielewe vibaya, lakini kabla ya barua yako hatukujua hata kama upo duniani."

Nikakaa. Kwa mara ya kwanza wiki ile, nilikaa.

"Mmekosea?" akauliza.

"Tumekosea."

"Basi rekebisheni. Faili letu likae peke yake, majina yarudi, na wateja wenu wapeni nakala iliyo sawa. Mkifanya hivyo mapema, haki yenu inarudi kama zamani, imeandikwa humo humo kwenye leseni. Watu hawafiki huko kwenye kusoma."

"Ndiyo basi?"

"Ulitaka nikuchape?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Kumbe mwanasheria ni wa Bosi, na wenye mali waliokasirika ni hewa. Ila kwa nini? Mtu mwenye ghala la mbao anataka nini na programu ya kupangia mikato?

Jibu lilikuwa sakafuni. Zamani pembeni mwa karakana kulikuwa na rundo la vipande mpaka dirishani. Sasa hakuna. Kila kipande ambacho fundi hatupi, ni ubao ambao Bosi hauzi. Hakutaka kuigawa Mkato. Alitaka kuizika.

Nikafanya kazi kwa hasira, na hasira ukiipa kazi hufanya vizuri. Nikatenganisha mafaili. Nikarudisha majina. Kisha nikaandika kisakinishi: fundi anachomeka flashi, anabofya mara moja, kila faili linakwenda mahali pake lenyewe. Ningekifanya tangu mwanzo, kama ningewahi kupokea simu ya mteja hata moja. Dada alikaa kando akinitazama, hasemi. Nikadhani ni aibu.

Ijumaa asubuhi meza yangu ilikuwa tupu.

"Kompyuta iko wapi?"

"Jana jioni niliipeleka ikapulizwe vumbi," dada akasema, akijifunga kitambaa cha kichwa. "Ilikuwa inanguruma."

Hupelekwa mara kwa mara, vumbi la mbao ni adui. Sikuuliza zaidi. Flashi nilikuwa nazo kwenye mkoba, zimejaa. Tukatoka.

Ghalani mafundi walikuwa wamekalia mbao walizokuja kununua. Fundi Milango, mtu mnene mwenye penseli sikioni, alikuwa mbele kabisa. Bosi alisimama juu ya meza ya kupimia mbao, mwanasheria chini yake.

"Ndugu zangu," Bosi akaanza, "nimewaita kwa masikitiko. Ile programu mnayotumia ndani yake kuna mali ya wizi. Binti huyu amechukua kazi ya watu, akafuta majina yao, akawauzia nyinyi."

Minong'ono ikapita. Fundi Milango akanigeukia.

"Binti Seremala, ni kweli?"

Nikasogea mbele.

"Majina yalifutwa, ni kweli. Kazi ya watu imo, ni kweli. Sasa nami niulize. Fundi Milango, wewe bawaba zako unafua mwenyewe?"

"Nifue kwani mimi mhunzi? Nanunua."

"Na mlango ni wa nani?"

"Wangu. Na asiyeamini aulize nyumba yoyote."

"Basi bawaba si zangu. Mlango ni wangu. Wenye bawaba nimeongea nao kwa mdomo wangu. Wamesema nirudishe majina yao, nirudishe faili lao mahali pake, niwape nyinyi nakala safi. Hizi hapa. Mje mchukue, hakuna malipo."

Nikamwaga flashi juu ya mbao. Watu wakaanza kunyanyuka.

"Ngojeni," nikasema. "Mwanasheria, nawe nikuulize. Wewe ni mwanasheria wa nani?"

Akamtazama Bosi.

"Usimtazame yeye, nitazame mimi. Ni wa wenye maktaba?"

"Mimi ni... mshauri wa kampuni."

"Kampuni ipi?"

Fundi wa vitanda akajibu kwa niaba yake, "Ya mbao!" Ghala zima likaangua kicheko.

"Na mjiulize," nikasema, "tangu mmepata Mkato, mnanunua mbao nyingi zaidi au chache?"

Kicheko kikakatika. Niliona kila mmoja akipiga hesabu kichwani, na kila mmoja akimgeukia Bosi alipoimaliza. Wasomaji wangu, siku za furaha katika maisha yangu ni chache, mnazijua, nimewasimulia zote. Hiyo ilikuwa mojawapo. Ilidumu kwa muda wa kupenga kamasi.

Bosi hakukasirika. Alishuka pale juu taratibu, akajifuta mikono.

"Umemaliza, binti? Hongera, unajua kusema. Sasa muulize dada yako kompyuta yako iko wapi."

Nikageuka. Dada alikuwa amesimama karibu na mlango, ameukumbatia mkoba wake mtupu.

"Imepelekwa kupulizwa vumbi," nikasema. "Si ndiyo, dada?"

Dada akaangalia viatu vyake.

"Iko ofisini kwangu," Bosi akasema. "Aliileta jana jioni mwenyewe. Akasaini mbele ya huyu mwanasheria unayemcheka kwamba programu ni mali yake, na kwamba amenipa kwa hiari. Kwa hiyo hizo flashi unazogawa bure unagawa mali yangu."

Nakala ninazo, mimi si mtoto. Nimezificha mahali pawili. Lakini nakala ya nini, kama kwa maandishi mwenyewe ni mwingine? Ningekuwa mwizi wa kazi yangu mwenyewe, na safari hii kweli.

"Dada," nikasema.

"Alisema watakufunga." Sauti yake haikufika hata kwa Fundi Milango. "Alisema wakiikuta nyumbani kwako watakufunga, ila ikiwa kwake hawana la kukufanya. Na wewe mwenyewe ulisema. Ulisema nitafungwa mimi."

"Nilikurekebishia kila kitu mbele ya macho yako!"

"Nilijua umerekebisha mafaili. Sikujua kama umerekebisha na jela."

Bosi akatabasamu. Mtu yule anajua mahali pa kupigilia msumari.

"Mambo ni rahisi," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Ama programu ilikuwa ya dada yako, basi sasa ni yangu, nenda nyumbani. Au ilikuwa yako, basi dada yako ameiba kompyuta yako, ameiba programu yako, na amesaini uongo. Mashahidi hawa hapa. Sema, binti. Wewe huogopi kusema. Dada yako ni mwizi au si mwizi?"

Nilisikia flashi moja ikidondoka sakafuni.

Nitawaambia ukweli, maana safu hii niliahidi ukweli. Neno lilikuwa ulimini. Mkato nimeiandika mimi, mstari kwa mstari, kwenye meza aliyoichonga baba. Kulikuwa na sekunde ambayo ningelitamka. Nikamtazama dada, mwanamke aliyekuwa akinisukia nywele kabla sijajua kusema asante, na nikaona ameiona hiyo sekunde.

"Si..." nikaanza.

"Nyamaza," dada akasema.

Akapita katikati ya mafundi, akaja mpaka mbele, akaweka mkoba wake juu ya mbao. Hakuwa yule wa mlangoni tena. Alikuwa yule aliyekuwa akija shuleni kwetu kugombana na walimu.

"Mimi ni mwizi," akasema kwa sauti kubwa. "Mmenisikia wote? Programu ni ya mdogo wangu, haijawahi kuwa yangu hata siku moja. Nimeiiba jana jioni, yeye akiwa hayupo. Nimesaini uongo, na mkono uliosaini ni huu."

"Dada, acha!"

"Nimekwambia nyamaza, naongea na watu wazima." Akamgeukia Bosi. "Na mimi niliyeiba nakwambia wewe uliyepokea. Ulijua si yangu. Ulinifuata nyumbani kwangu ukanifundisha cha kuandika. Mali ya wizi iko ofisini kwako, kwenye meza yako. Kwa hiyo iteni polisi, wanichukue. Lakini mwizi na mpokeaji hupanda gari moja, baba. Kalete koti lako."

Tabasamu la Bosi likabaki usoni lakini mwenyewe akawa hayupo. Mwanasheria alikwisha kuanza kufunga mkoba wake.

Fundi Milango akasimama, akatoa simu mfukoni, akapangusa kioo kwenye suruali.

"Haloo, polisi?"

Nikaruka kumzuia. Dada akaushika mkono wangu hewani, akaushusha, akaendelea kuushika.